Hesabu za mwezi zinachelewa? Angalieni mnavyokatishana kazi

Mkuu, umeuliza kwa nini wahasibu watano wanaoshinda ofisini hadi usiku bado wanakimbizana na tarehe 7 ya PAYE (kodi ya mishahara) na tarehe 20 ya VAT (kodi ya ongezeko la thamani). Kabla ya kuajiri wa sita, hesabu wanakatishwa mara ngapi kwa siku.

Chukua usuluhisho wa benki, yaani kulinganisha vitabu vyenu na taarifa ya benki. Mtu yuko mstari wa 148, anaulizwa "ile ankara ya juzi iko wapi?" Anajibu, anarudi, anaandika 450,000 badala ya 540,000. Jibu lilichukua nusu dakika. Kuisaka hiyo 90,000 kunaweza kula saa nzima. (Tofauti ikigawanyika kwa 9 bila baki, anza na tarakimu zilizopishana.) Mtafiti wa mambo ya kazi, Sophie Leroy, alilionyesha hili kwenye utafiti wake wa 2009: ukiacha kazi katikati, akili hubaki nayo, na kazi unayohamia inaumia.

Dawa ni zamu. Kila siku mmoja awe mlango wa idara: simu, wazabuni wanaodai malipo, maswali ya watu wa mauzo, grupu la WhatsApp, vyote vyake. Wanne waliobaki wazime arifa kuanzia saa 3 hadi saa 5 asubuhi, kila mmoja na kazi moja. Wa zamu asiguse usuluhisho wala mishahara. Apange vocha, askani risiti za EFD (mashine za risiti za kodi). Wengi hukosea hapo: wanamdai pia kazi zake za kawaida, anazidiwa, anaanza kuwasukumia wenzake maswali, zamu inakufa.

Yasiyo ya dharura yaandikwe kwenye daftari moja, yajibiwe saa 5 na saa 9. Kubalianeni mapema dharura ni nini: malipo yanayopaswa kuingia benki leo, barua ya TRA (mamlaka ya mapato Tanzania) yenye siku ya mwisho, mzigo uliokwama bandarini.

Mgumu zaidi ni bosi. Akipita mezani na "mara moja tu", mwonyesheni kwa heshima kazi zilizopo mkononi, achague ipi isimame ili yake ipite.

Anayelazimika kuachia katikati aandike kwanza: "mstari 148, tarehe 17, tofauti 90,000". Sekunde kumi zinatosha.

Anzeni majaribio baada ya tarehe 20, VAT ikishapita. Mkianza mwisho wa mwezi, presha itauvunja utaratibu kabla haujazoeleka.