Tambi za karai: hesabu mayai, foleni baadaye

Tanga ukiambiwa tambi, uliza kwanza tambi gani. Zipo za futari, zilizokaangwa mpaka zikawa za kahawia kisha zikatiwa tui, sukari na hiliki. Zipo tambi za dengu, kavu, za kutafuna na chai. Na zipo hizi ninazotaka kuzisema leo: zimechemshwa, zikarushwa kwenye karai la moto pamoja na kitunguu saumu, karoti, kabichi, yai na sosi ya soya mpaka zikashika rangi. Vijana wanaziita nudozi. Mimi naziita tambi za karai, na ndizo zinazonitoa nyumbani kila Ijumaa usiku.

Kwa miaka mingi nilikuwa nazila mbovu bila kujua. Nilishika ule ushauri tunaopeana wote, kwamba penye watu ndipo penye chakula. Basi nikifika Ngamiani, pale uwanjani ambapo vibanda vimebanana na wauzaji wanaitana kwa sauti, natafuta palipojaa kuliko kwingine na kuunga foleni. Nusu saa nimesimama, moshi wa mishkaki ya jirani wote umeniishia machoni. Halafu naletewa sahani ya tambi zilizolowa, zimeshikana bonge moja, kabichi imelegea, na chini ya sahani kuna maji yenye rangi ya sosi. Nakula. Nasifu. Wiki ijayo nimo tena.

Aliyenifumbua macho ni shemeji yangu, baharia mstaafu. Siku hiyo tulikuwa kama watu kumi na tano mbele ya kibanda, akaniuliza:

"Shemeji, unatazama nini?"

"Foleni. Naona inakwenda."

"Achana na foleni. Tazama karai. Kavunja mayai mangapi?"

Nikatazama. Yule kijana alikuwa amevunja mayai manane, yote humo humo. Maana yake alikuwa anakaanga sahani nane kwa mkupuo.

"Basi hizo hazikaangwi," shemeji akasema. "Zinachemka mara ya pili."

Ukiifikiria, ni hesabu ya moto tu. Jiko lina nguvu yake na haliongezi kwa sababu wateja wameongezeka. Ukimwaga tambi za sahani nane, bado zina maji ya kuchemshia, na kabichi juu yake, karai linapoa ghafla. Mboga zinatoa maji, maji yanakosa joto la kuyakausha, na tambi zinalowa humo. Zikiwa sahani mbili, maji yanageuka mvuke papo hapo, sosi inagusa chuma inaungua kidogo, na unapata ile harufu ya moshi ambayo nyumbani huipati hata ufanyeje. Wachina wa Kanton wana jina lake, wok hei, yaani pumzi ya karai. Hata usipoona, utasikia: karai lenye moto linalia chwaaa kila mwiko unapopita. Lililozidiwa linatokota kimya kama sufuria ya maharage.

Shemeji hayo aliyajulia Singapore, meli yao ikitia nanga. Kule kuna majengo makubwa ya vibanda vya vyakula, kila kibanda na chakula chake, meza ni za wote. UNESCO iliutia utamaduni huo kwenye orodha yake ya urithi mwaka 2020. Anasimulia kwamba watu huweka pakiti ya tishu mezani kushika nafasi, wakaenda kupanga foleni, na hakuna anayeigusa. Jaribu kuacha leso yako kwenye kiti cha Ngamiani: ukirudi hukuti leso wala kiti. Alijifunza pia kuuliza kabla ya kula, maana ile char kway teow yao, tambi pana za mchele, kwa kawaida ya zamani hukaangwa kwa mafuta ya nguruwe. Yeye alikuwa anakwenda kwa Waislamu wenye asili ya India, anakula mee goreng, tambi zao za kukaanga, zenye pilipili ya kutosha.

Sasa, kwa hapa kwetu. Nenda mapema, mara tu baada ya Magharibi, karai likiwa halijazidiwa. Baada ya Isha siku ya Ijumaa ni vurugu, na Ramadhani watu wakitoka tarawehe usijisumbue kabisa, kula katlesi na urojo urudi nyumbani. Ikikulazimu kwenda saa ya msongamano, mpishi ataunganisha oda, na simlaumu, watu wanamsemea. Kwa hiyo mimi huagiza kitu kisichounganishika: tambi za ngisi, bila kabichi, bila nyanya. Mboga za maji zikipungua, hata karai linashukuru. Na adabu inafungua mengi kuliko pesa. Kuna mama mmoja ninayemwendea siku hizi, mazungumzo yetu ni yale yale:

"Shikamoo mama. Nikaangie peke yake, sina haraka."

"Marahaba mwanangu. Kaa pale nikuone, usije ukaniondokea."

Ukienda na mwenzio, mmoja akalie kiti, mwingine asimame karibu na karai.

Lipo jambo moja ambalo foleni naipa haki yake, na nimelijua kwa kuumia. Mwaka jana nilichelewa, nikafika kwenye kibanda fulani saa nne usiku, mtu hakuna. Nikafurahi: karai lote langu! Tambi zikachotwa kutoka ndoo ya plastiki, zimeshakuwa na utelezi kidogo, zikapigwa moto mkali, zikanukia vizuri sana. Saa nane usiku nilikuwa nimepiga magoti chooni natapika mpaka machozi. Nikamsingizia ngisi. Zahanati wakaniuliza swali ambalo sikulitegemea: tambi zilichemshwa saa ngapi?

Kumbe wali na tambi vina kijidudu chake, Bacillus cereus. Mbegu zake hazifi kwa kuchemsha. Chakula kikikaa kwenye joto la kawaida, na joto la kawaida la Tanga unalijua, zinaamka, zinazaana, zinaacha sumu. Sumu hiyo ukiikaanga haiondoki. Kutapika kunaanza ndani ya saa moja hadi sita, ndiyo maana usiku ule ule nilikiona. Mimi nilikuwa naamini moto wa karai unatakasa kila kitu.

Kwa hiyo siku hizi jicho la kwanza ni kwa karai, la pili ni kwa chombo cha tambi. Nataka kuona beseni dogo lililofunikwa, tambi zimepakwa mafuta kidogo, na sufuria nyingine ikichemka nyuma. Ndoo iliyojaa tangu mchana naipita. Penye wateja wengi tambi hazikai, hilo kweli. Ninachotafuta, kwa hiyo, ni foleni ndefu na karai lenye tambi chache, vitu viwili ambavyo havipendi kukaa pamoja. Nimepata vibanda viwili tu.

Zikishafika, kula. Usipige picha kwanza, na usifungiwe za kupeleka nyumbani. Kwenye kiboksi mvuke hauna pa kutokea, ukifika Chumbageni unafungua uji. Mke wangu ananuna nikirudi mikono mitupu, nami namwambia twende wote, hataki moshi. Ndimu kamulia mwishoni, pilipili iweke pembeni, na onja kabla hujaomba chumvi maana sosi ya soya yenyewe ni chumvi tupu.

Ijumaa iliyopita nilikuwa wa tatu. Yule mama alichukua yai la kwanza, akavunja, akachukua la pili, akavunja, halafu akasimamisha mkono hewani akanitafuta kwa macho katikati ya watu.

"Wewe mhesabu mayai! Mawili hayo, umeona? Haya, lete sahani."