Kalenda ya pamoja ya idara zote

Ndugu, nimekuelewa: kila idara ina ratiba yake, vikao vinagongana, na unataka kalenda za pamoja kwenye Google. Usizifungue kwa akaunti yako binafsi; siku ukiondoka, wenzako watahangaika. Tumia akaunti ya taasisi, tena ikiwezekana kwenye kompyuta. Kila idara iwe na yake.

Ruhusa ya kuiona ipe anwani ya kundi (barua pepe moja ya watu wote wa idara) badala ya mtu mmoja mmoja. Anayejiunga baadaye ataipata, ila mtumie kiungo ili kalenda itokee kwake. Kuhariri waachie wawili watatu tu (wakihariri wote, vikao hufutika na hakuna anayekiri). Kama kalenda ina majina ya wateja, usiiweke hadharani kamwe. Kushirikisha watu wa nje kukikataa, mwone msimamizi wa mfumo, huenda amekuzuia.