Mtoto kukohoa usiku tu, mchana yuko mzima kabisa: yaliyonikuta mimi Newala

Dada wa Tandahimba, umesema mwanao wa miaka 7 anakohoa kila usiku ila mchana anacheza mpira vizuri tu, na bibi yake anasema ni baridi. Wangu alikuwa hivyohivyo. Karibu mwaka mzima tunampa dawa za kikohozi na antibayotiki, kinatulia wiki kinarudi, na kuanzia mwezi wa sita watu wakianza kupuliza salfa kwenye mikorosho ndo anazidiwa, lile vumbi linaingia mpaka ndani ya chandarua na wala sikuunganisha. Daktari mmoja akaniuliza, kinambana saa ngapi? Nikamwambia saa tisa, saa kumi alfajiri, anakaa kitandani kifua kinalia kama filimbi. Akasema mama, hiyo pumu.

Kosa nililofanya baada ya hapo usilifanye. Tulipewa inhela mbili, vile vidude vya dawa ya kuvuta kwa mdomo, ya bluu ya salbutamol na ya kahawia. Ya bluu niliipenda maana anafunguka palepale, ya kahawia nikaiweka kabatini kwa sababu sioni inachofanya na majirani walishanitisha eti atazoea. Kumbe ya bluu inafungua njia ya hewa kwa masaa machache tu, uvimbe wa ndani uko vilevile, ya kahawia ndo inaupunguza taratibu, anaivuta kila siku hata akiwa mzima, halafu anasukutua mdomo anatema.

Msimu uliofuata usiku mmoja mbavu zinaingia ndani, sentensi hamalizi, tukapanda bodaboda mpaka zahanati. Nesi akachukua chupa ya maji ya nusu lita, akatoboa kitakoni tundu la kuenea mdomo wa inhela, mtoto akaweka midomo kwenye mdomo wa chupa, nesi anapuliza mara moja, mtoto anahema mara tano, nesi anapuliza tena. Mi nilikuwa nampulizia mdomoni moja kwa moja, dawa yote inaishia kwenye ulimi jamani! Ukiona mbavu hivyo, au midomo inageuka rangi, au filimbi imenyamaza lakini bado anahangaika, puliza kwa chupa huku mnaenda, usisubiri kukuche.

Salfa siwezi kuizuia, korosho ndo ada ya shule. Namuuliza jirani anapuliza lini, siku hiyo mtoto analala kwa shangazi yake.

Wiki hii andika saa anazokohoa, nenda nazo hospitali, na wakikupa ya bluu peke yake uliza habari ya kahawia.