Kurudisha weusi wa plastiki za nje za gari kuukuu

Toyota RAV4 yangu ya mwaka 1998 ilipofika mikononi mwangu, injini ilikuwa nzima, lakini plastiki nyeusi za pareshoki (bampa) na za juu ya magurudumu zilikuwa zimepauka kama majivu, na ukizigusa kidole kilitoka na unga mweupe. Si ajabu. Goma, mji wa mashariki mwa Kongo kando ya Ziwa Kivu, iko karibu na ikweta, kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi, ambako jua ni kali kuliko mtu anavyodhani akihisi ubaridi wa ziwa. Mionzi yake huvunja tabaka la juu la plastiki, kisha vumbi la makoro, yaani mawe ya volkano, hulikwangua kila siku.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kumkubalia fundi azipake oili chafu iliyomwagwa kutoka kwenye injini. Zilimetameta siku mbili. Siku ya tatu zilikuwa zimevaa vumbi kama andazi lililoviringishwa katika sukari. Kosa la pili lilinigharimu zaidi: nilipuliza rangi nyeusi moja kwa moja juu ya plastiki hiyo hiyo iliyokwisha kunywa oili. Rangi ilijitenga na kuacha vidoa vya mviringo, na baada ya kuosha gari mara mbili ikaanza kubanduka.

Mara ya tatu niliifungua pareshoki nikatazama upande wake wa ndani, ambako mara nyingi kiwanda huchapa aina ya plastiki. Yangu ilikuwa na herufi PP, yaani polipropilini, ambayo rangi haiishiki vizuri isipotanguliwa na rangi ya msingi iliyotengenezwa kwa ajili ya plastiki. Muuzaji akikuambia kwamba ile ya bati inatosha, usimsikilize.

Kazi kubwa, hata hivyo, ni usafi. Niliosha kwa sabuni ya vyombo na brashi mara mbili, nikasugua kwa msasa namba 400 kisha 600 huku nikimwagia maji, mpaka unga mweupe ulipokoma kutoka, na zilipokauka nikazifuta kwa spiriti na kitambaa safi. Sehemu zenye vipele vya kiwandani nilizisugua kwa sifongo ngumu ya sufuria tu, kwa sababu msasa huvisawazisha na havirudi tena. Nilinyunyizia maji sakafu ya garaji ili vumbi litulie, nikapuliza rangi ya msingi, kisha rangi nyeusi isiyong'aa, tabaka tatu nyembamba, nikingoja kama dakika 10 kati ya moja na nyingine. Anayetaka kumaliza kwa tabaka moja nene atapata michirizi. Kwa wiki nzima sikuruhusu gari lioshwe kwa mashine ya maji.

Mipira ya madirisha sikuipaka rangi, kwa kuwa mpira hujikunja na rangi ikapasuka. Hiyo niliiosha tu, nikaipaka gliserini kidogo ya duka la dawa.