Kiendelezi changu cha VS Code kinafanya kazi kwangu tu

SWALI: Nimetengeneza kiendelezi cha VS Code (kihariri cha msimbo) kinachokagua tahajia ya Kiswahili kwenye maelezo yanayoandikwa ndani ya msimbo. Nikibonyeza F5 ili kukijaribu kinafanya kazi vizuri kabisa. Lakini tangu nikichapishe, kila anayekisakinisha akiita amri yake anaambiwa amri hiyo haipo. Tatizo ni nini, na nifanyeje lisijirudie?

JIBU: Inaelekea msimbo wako uko salama, kasoro iko kwenye kifurushi. F5 hufungua dirisha jipya la VS Code linalosoma folda yako ya kazi moja kwa moja, pamoja na node_modules (folda ya maktaba ulizosakinisha) yote na faili zako zote za data. Mtumiaji haipati folda hiyo. Anachopata ni faili moja ya .vsix, na humo kuna vile tu ambavyo vsce, zana ya kufunga na kuchapisha viendelezi, ilivifunga.

Ujumbe wa kwamba amri haipo unawapotosha wengi. Amri imetajwa kwenye package.json, faili inayokieleza kiendelezi, ndiyo maana watu wanaiona kwenye orodha. Ila kiendelezi kilishindwa kuamka, kwa hiyo msitari wako wa kuisajili haukufikiwa kamwe. Mwombe mmoja wa waliokwama afungue menyu ya Help, aingie Toggle Developer Tools, asome maandishi mekundu. Nadhani atakuta kuna moduli au faili iliyotafutwa ikakosekana.

Anza na maktaba tegemezi. vsce huacha nje kila kilichoorodheshwa kwenye devDependencies, yaani maktaba za wakati wa kutengeneza tu. Ukiwa uliisakinisha maktaba ya kusomea kamusi kwa npm install -D, kwako ipo, kwa wengine haipo. Unaweza kuihamishia kwenye dependencies, lakini mimi ningetumia esbuild kuunganisha msimbo wote uwe faili moja. Kifurushi kinakuwa chepesi, na watumiaji wako wengi wananunua bando kwa pesa zao. Ukifanya hivyo, iweke vscode kwenye external (orodha ya moduli zisizounganishwa), kwa sababu moduli hiyo hutolewa na kihariri chenyewe.

Kisha kagua .vscodeignore, faili inayotaja vitu visivyofungwa. Msitari kama **/*.txt, uliowekwa ili kuondoa madokezo yako, unaondoa na maneno.txt ambayo ndiyo kamusi. Na hata kamusi ikiwemo, angalia unavyoifikia: njia inayotegemea __dirname (folda ya faili ya msimbo inayoendeshwa) hubadilika msimbo ukishaunganishwa na kuhamia folda ya dist. Tumia context.extensionUri, hiyo huelekeza kwenye mzizi wa kiendelezi popote kilipowekwa.

Huna haja ya kubahatisha. Andika vsce ls, utaona orodha ya faili zitakazofungwa. Halafu andika vsce package, chukua nakala ya .vsix uliyopata, badilisha kiishio kiwe .zip na uifungue, maana ni zip ya kawaida. Ndani kuna folda iitwayo extension. Fungua package.json yake, soma sehemu ya main. Ikisema ./dist/extension.js, ingia kwenye dist uhakikishe faili hiyo ipo, herufi kwa herufi. Windows haijali ukiandika Extension.js badala ya extension.js, Linux inajali. Ukikuta .env (faili ya siri kama nywila) humo ndani, iondoe kabla ya jambo jingine lolote.

Sasa kijaribu kwenye mazingira yasiyo na chochote chako:

code --user-data-dir /tmp/data --extensions-dir /tmp/ext --install-extension tahajia-0.0.2.vsix

Fungua VS Code kwa vigezo hivyohivyo viwili vya mwanzo, kwenye folda nyingine kabisa, uite amri yako. Majaribio ya kiotomatiki ya @vscode/test-cli yaandike pia, yanakulinda unapobadilisha msimbo (kwenye seva ya Linux isiyo na skrini yaendeshe kwa xvfb-run, inayoigiza skrini). Lakini kwa kawaida nayo husoma folda yako ya kazi kama F5, kwa hiyo kufaulu kwake si ushahidi kwamba kifurushi kimekamilika.

Wakati wa kuchapisha, pandisha kwanza namba ya toleo kwa npm version patch, kwa sababu namba iliyokwisha kutumika haikubaliki tena. Funga, jaribu kama nilivyoeleza, kisha chapisha faili ileile uliyoijaribu:

vsce publish --packagePath tahajia-0.0.2.vsix

Ukiandika vsce publish peke yake, inafunga kifurushi kipya ambacho hujakijaribu. Faili hiyohiyo ipeleke na Open VSX, soko jingine la viendelezi, kwa ovsx publish, kwa kuwa wanaotumia VSCodium (toleo huria la VS Code) hupata viendelezi vyao huko.

Usipandishe engines.vscode (toleo la chini kabisa la VS Code linalohitajika) bila sababu: ukitaka toleo jipya mno, wenye VS Code ya zamani hawataweza kusakinisha kiendelezi chako kipya. Ikoni iwe PNG, isipungue pikseli 128 kwa 128, SVG hukataliwa. Na kwenye CHANGELOG.md eleza waziwazi kilichokuwa kimeharibika katika toleo lililopita, ili waliokizima wajue wanaweza kukiwasha tena.