Kamera ya Mtumba: Ipime Kabla ya Kutuma Pesa

Kwa anayepiga picha kujifurahisha tu, kamera mpya ni gharama ya bure. Nikon D3300 ya 2014 ina megapikseli 24, Canon 1300D ya 2016 ina 18, na zote zinachapisha A3 safi. Canon 4000D ikwepe ukiweza, ingawa huuzwa rahisi: sehemu inayoshika lenzi ni ya plastiki, na haina gurudumu la kurekebisha kitundu cha kuchungulia. Mvaa miwani atateseka.

Ukienda Luthuli au Moi Avenue jijini Nairobi, beba memori kadi yako na simu yenye tochi. Nenda mchana; taa za dukani huficha mengi.

Anza na lenzi, maana hapo ndipo wengi huumia. Ing'oe, uimulike kwa nyuma ukiitazama kwa mbele. Punje chache za vumbi si hoja. Ukiona nyuzi kama utando wa buibui, hiyo ni kuvu, na imeshaanza kula ngozi ya kioo. Iache hata ukipunguziwa nusu bei. Kuvu hutokana na unyevu, kwa hiyo yako usiifungie kwenye mkoba wa ngozi msimu mzima wa masika.

Kisha sensa, kile kibapa cha ndani kinachonasa picha. Weka Av (kwa Nikon ni A), yaani wewe ndiye unayechagua upana wa tundu la lenzi, kisha f/22 (tundu dogo), ISO 100, zima fokasi ya otomatiki, upige anga au ukuta mweupe. Kuza picha. Madoa yanayokaa palepale katika kila picha ni uchafu juu ya sensa. Muuzaji akikuonyesha picha aliyopiga kwa f/4 usiridhike: tundu la lenzi likiwa pana hivyo, kivuli cha vumbi hutawanyika kisionekane.

Shata, pazia linalofunguka kila unapopiga, nayo huchakaa. Ya D3300 imejaribiwa hadi mara 100,000, na Nikon huandika hesabu hiyo ndani ya faili la picha. Programu za bure za kusoma taarifa za picha huionyesha. Faili litoe kwenye kadi moja kwa moja, kwa sababu WhatsApp hufuta taarifa hizo. Canon ndogo haziandiki hesabu, basi piga picha 20 mfululizo kwa kasi ya 1/4000 ya sekunde. Mkanda mweusi kwenye picha au maandishi ya Err 30 ni shata inayokufa.

Wanunuzi wa Nikon wana mtego wao: D3300 haina mota ya fokasi (ya kuinolea picha) mwilini. Lenzi ya 50mm iliyoandikwa AF au AF-D itaingia vizuri, lakini utazungusha fokasi kwa mkono siku zote. Tafuta AF-S, yenye mota yake ndani. Kwa Canon, 50mm f/1.8 STM inafaa sana kwa nyuso, ila kwenye sensa hizi huonyesha eneo finyu, kama lenzi ya 80mm. Ndani ya chumba kidogo cha mtaa wa Pipeline, Nairobi, utagonga mgongo ukutani kabla watu watatu hawajaingia kwenye picha. Hapo lenzi ya 18-55mm, inayoona eneo pana zaidi, ndiyo mkombozi.

Betri (LP-E10 ya Canon, EN-EL14 ya Nikon) iingie na kutoka bila kung'ang'ania. Iliyofura ikatae. Kadi ukiinunua hapohapo, ipime nyumbani kwa programu ya H2testw au F3 kabla ya kuiamini: za bandia hudai GB 64, kumbe ni 8, na picha zinazozidi hapo hupotea kimyakimya.