Fundi wako anachefua, hatishi

Ndugu, umesema katika hadithi yako ya kutisha mchongaji wa Newala anamtesa kijana anayemfundisha kazi ili kinyago kipate "uchungu wa kweli", na wasomaji wanachefukwa tu. Damu imeanza ukurasa wa pili, ndiyo maana. Huko mbele huna pa kupanda. Bakiza tukio moja la mateso, sentensi nne au tano, kisha geuza macho: tezo inagonga, vibanzi vinaanguka, kijana kanyamaza. Kinachotisha ni upole wa fundi. Anamwita "mwanangu", anampa uji, halafu anamsogeza kwenye mwanga. Na mnunuzi anayejua, lakini anauliza bei? Huyo mpe kurasa nzima.

Kosa jingine ni la ufundi: lipiko lako umelichonga kwa mpingo. Lipiko, kinyago cha ngoma cha Wamakonde, huvaliwa kichwani, kwa hiyo huchongwa kwa mti mwepesi. Mpingo ni mzito hata huzama majini, nani atacheza nao? Mpingo uwe wa sanamu. Nje una rangi ya njano hafifu, weusi uko moyoni, hivyo kila pigo la tezo linasogea gizani. Tumia hilo, visu vinne vya sura ya tatu uvifute.